Levi Zililo Mumba, Karani Aliyewatumikia Watu Wake

Katika kitabu hiki cha Jubilei tunawakumbuka wengi waliotutangulia: wamisionari waliotoka mbali, na wazee wetu walioipokea Injili wakaihubiri vijijini. Lakini wako na wengine ambao hawakusimama mimbarani. Hao waliichukua elimu ya shule za misioni wakaenda nayo ofisini na barazani, ili iwafae watu wote. Mmoja wao ni Levi Zililo Mumba. Yeye hakuzaliwa upande huu wa mto Songwe, lakini kazi yake kubwa ilianzia Karonga, ng'ambo tu ya mto, kwa ndugu zetu Wangonde, ambao lugha yao na Kinyakyusa ni kama watoto wa mama mmoja. Basi kwetu sisi watu wa Kyela si mgeni.

Yafaa kwanza msomaji aijue shule iliyomlea. Wamisionari wa Kanisa Huru la Scotland walifika Ziwa Nyasa mwaka 1875, wakakaa Cape Maclear, kusini kabisa. Mwaka 1881 wakahamia Bandawe. Hata mwaka 1894 Dk. Robert Laws akachagua mahali pa juu mlimani, penye hewa nzuri, paitwapo Khondowe, akajenga hapo Chuo cha Overtoun. Humo vijana walifundishwa neno la Mungu na ualimu, tena utabibu, uchapaji, useremala, kazi ya simu na ukarani. Wakati huo upande wetu shule zilikuwa bado changa, maana Wamoravian na wamisionari wa Berlin walifika nchi hii mwaka 1891. Kwa hiyo kwa miaka mingi chuo kile cha mlimani kilikuwa kama taa iliyoonekana pande zote za ziwa hili la kaskazini.

Mumba alilelewa katika nchi ya Wangoni wa kaskazini, watu ambao sifa yao ya zamani ilikuwa mkuki na ngao. Wazee wa Kingoni hawakuwapa wamisionari ruhusa ya kufungua shule mpaka mwaka 1886, na hata baada ya hapo wengi walitia shaka. Kijana aliyekwenda kusoma aliacha ng'ombe za baba yake, akaenda kujifunza jambo ambalo nyumbani kwake hakuna aliyelijua, wala hakuna aliyeweza kumwambia litamfikisha wapi. Hayo ndiyo yaliyokuwa majaribu ya wanafunzi wa kwanza. Hawakuwa na kaka wa kuwauliza, wala njia iliyokwisha kukanyagwa na wengine.

Mumba akafika Chuo cha Overtoun, akasoma kwa bidii, akafaulu, hata akawekwa kuwa mwalimu chuoni humo. Alifundisha elimu ya biashara, yaani kutunza hesabu, kuandika barua, na kuweka taratibu za ofisi. Baadaye akaingia kazi ya Serikali, akawa karani katika Zomba, uliokuwa mji mkuu wa Nyasaland.

Msomaji labda atasema moyoni kwamba ukarani ni kazi ndogo. Katika siku zile haikuwa hivyo. Karani aliona jinsi amri zinavyotungwa na jinsi malalamiko yanavyopotea. Alijua kwamba mzee wa kijiji akija barazani na shida yake, akasema kwa uchungu, akaondoka, maneno yake huondoka pamoja naye. Lakini neno lililoandikwa vizuri na kutiwa sahihi hubaki katika faili, na mwenye mamlaka hulazimika kulijibu. Tena aliijua hatari ya kazi ile. Karani aweza kuitumia elimu yake kwa kujikuza, akawadharau wasiojua kusoma, akawa kama ukuta kati yao na Serikali. Wengi waliiona njia hiyo, na baadhi waliifuata. Mumba alichagua nyingine.

Mwaka 1912 yeye na mwenziwe Simon Muhango, pamoja na waalimu na makarani wengine, waliunda huko Karonga chama kilichoitwa North Nyasa Native Association. Hicho ndicho chama cha kwanza cha namna hiyo katika Nyasaland. Hakikuwa chama cha fujo, wala hakikuwa cha kabila moja. Kilikuwa na kanuni zake na mwandishi wake, na mikutano yake iliandikwa. Wasomi walikaribishwa, na machifu vilevile, hata Wazungu waliotaka kusikiliza. Nia yake ilikuwa kuifahamisha Serikali mawazo ya watu, na kuwafahamisha watu sheria za Serikali. Mambo waliyoyaleta yalikuwa mambo ya nyumbani kwa kila mtu: kodi ya nyumba, shule, na habari ya wanaume waliokwenda kutafuta kazi Rhodesia na katika migodi ya Afrika Kusini, wakiacha wake na wazazi peke yao.

Baada ya miaka miwili hivi, vita vikaja. Mwezi wa Septemba 1914 askari wa Wadachi walivuka Songwe, wakapigana na Waingereza huko Karonga. Vijana wa pande zote mbili za mto, waliokuwa wakioana na kuuziana vyakula, wakachukuliwa kubeba mizigo ya majeshi, na wengi hawakurudi. Lakini neno lile lililopandwa Karonga halikufa. Vyama vya namna ileile vilisimama West Nyasa na katika nchi ya Wangoni, na baadaye Mumba akawa mwandishi wa kamati iliyoviunganisha vyama vya kaskazini, yenye makao yake Zomba. Tanganyika nako, mwaka 1922, Martin Kayamba na wenziwe waliunda Tanga chama cha Waafrika watumishi wa Serikali. Ndivyo makarani na waalimu wa nchi hizi walivyojifunza kukaa mkutano mmoja bila kuulizana kabila.

Sasa kuna jambo ambalo mwandishi wa kitabu cha Kanisa angeweza kuliruka, lakini si haki kuliruka. Mumba hakukubaliana na misioni iliyomlea katika kila jambo. Aliona kwamba watu wengi wema walikuwa wakizuiwa mlangoni mwa Kanisa kwa sababu ya kuwa na wake zaidi ya mmoja. Mwaka 1930 aliandika katika jarida la kimataifa la wamisionari makala juu ya dini ya baba zake, akionyesha kwamba wazee wetu hawakuwa watu wasiomjua Mungu kabisa. Tena alikuwa miongoni mwa wasomi waliolianzisha African National Church, lililozaliwa wilaya ya Karonga karibu na mwaka 1929, likawapokea wale waliozuiwa. Katika miaka ya 1930 kanisa hilo lilivuka mto likaingia Rungwe, na wazee wa huku walilijua. Kanisa letu lilishika fundisho lake juu ya ndoa, na linalishika. Lakini na tukubali kwamba swali aliloliuliza Mumba lilikuwa swali la kweli: mtu aliyeoa wake wawili kabla hajasikia Injili, na yule mke wa pili na watoto wake, waende wapi? Kila mwinjilisti aliyekaa sebuleni kwa mzee wa namna hiyo analijua swali hilo, na anajua si jepesi.

Mwaka 1933 Serikali ya Nyasaland ilimweka Mumba katika kamati ya kushauri mambo ya elimu, naye akawa Mwafrika wa kwanza kukaa humo. Hapo aliomba shule za sekondari. Katika nchi ile, iliyosifiwa kwa wasomi wake, hapakuwa hata na shule moja ya sekondari kwa Waafrika. Mwenye kutaka zaidi ilimpasa kwenda nchi za watu. Shule ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa Blantyre mwanzoni mwa miaka ya 1940. Mumba alikuwa amekwisha kupata elimu yake na cheo chake. Angeweza kunyamaza. Aliomba kwa ajili ya watoto ambao hakuwajua majina.

Mwezi wa Oktoba 1944 wajumbe wa vyama vingi walikutana Blantyre, wakaunda Nyasaland African Congress kwa juhudi za James Sangala na wenziwe, wakamchagua Mumba kuwa Rais wa kwanza. Lakini mwezi wa Januari 1945 alifariki dunia. Hakuwaona Waafrika wa kwanza walioingia Baraza la Kutunga Sheria la nchi yake mwaka 1949, wala uhuru wa Tanganyika mwaka 1961, wala wa Malawi mwaka 1964.

Ndugu waalimu, katika madarasa yenu wako hata leo watoto ambao watakuwa wa kwanza katika nyumba zao kufika chuo kikuu. Baba analima mpunga, mama anauza ndizi sokoni, na ada imekusanywa na ukoo mzima. Mtoto huyo akiwa afisa, au tabibu, au hakimu, ukoo utamtazamia, nao wana haki. Mfundisheni mapema kwamba wako na wengine wanaomtazamia: yule bibi atakayesimama mbele ya meza yake ofisini, asiyejua kusoma fomu, wala asiye ndugu yake. Mumba alianza na kalamu na daftari ya mikutano. Nasi wazazi na washarika, tunapowaombea watoto wetu wafaulu mitihani, tuwaombee pia wawe na moyo wa kumwandikia vizuri bibi huyo shida yake.