Mwalimu Aliyeuweka Upepo Akiba

Kila nisikiapo ikidaiwa kwamba kugeuza umeme wa upepo kuwa gesi ya kuwashwa ni uvumbuzi wa karne hii, humkumbuka mwalimu mmoja wa Denmark aliyefariki mwaka wa 1908. Jina lake Poul la Cour.

La Cour alizaliwa mwaka wa 1846. Alisomea fizikia, akapanda ngazi hadi akawa naibu mkurugenzi wa taasisi ya hali ya hewa mjini Copenhagen. Aidha, alikuwa mvumbuzi wa mitambo ya telegrafu. Hata hivyo, mwaka wa 1878 aliupa mji kisogo akaenda kijiji cha Askov, kufundisha katika chuo cha vijana wa mashambani kisichokuwa na mitihani wala vyeti.

Huko aliona umeme ukiingia mijini ilhali mkulima akiachwa gizani. Upepo ulikuwa tele, lakini upepo hauna miadi. Huja na kwenda upendavyo. Basi mwaka wa 1891, kwa msaada wa serikali, alijenga kinu cha upepo cha kuzalisha umeme. Umeme huo akaupitisha majini, maji yakatengana kuwa haidrojeni na oksijeni, naye akazihifadhi gesi hizo. Kuanzia mwaka wa 1895 hadi 1902, taa za haidrojeni ziliangaza chuo hicho, hata usiku ambao jani halikutikisika.

Sisemi kwamba mambo yalikuwa shwari. Kuna nyakati oksijeni ilipenya ndani ya haidrojeni, mlipuko ukatokea na vioo vya madirisha vikavunjika. Hatimaye taa hizo ziliondolewa, betri na taa za umeme zikashika nafasi yake.

Wapo watakaosema kwamba alishindwa. Mimi nakataa. Mwaka wa 1904 alianza kuwafunza vijana wa mashambani ufundi wa umeme. Mmoja wao, Johannes Juul, ndiye aliyebuni kinu cha Gedser kilichoanza kazi mwaka wa 1957, chenye mapanga matatu kama vinu tuvionavyo leo. Hata vile vinu 365 karibu na Ziwa Turkana vimetoka kwa kampuni ya Denmark. Mbegu ilipandwa darasani.

Mwaka wa 2023 Kenya ilizindua mkakati wake wa haidrojeni itokanayo na umeme safi, mbolea ikiwa miongoni mwa mazao yanayotarajiwa. Ni jambo jema. Lakini mitambo hununuliwa, mafundi hufundishwa. Niliwahi kufundisha katika shule ambayo mlango wa maabara ulifunguliwa mitihani ilipobisha hodi tu. Wanafunzi wangu walikariri kwamba maji hutenganishwa kwa umeme, wala hawakupata kuona hata kiputo kimoja kikipanda.

Walimu wenzangu, betri kuukuu, nyaya mbili na gilasi ya maji yenye chumvi kidogo vyatosha kuonyesha viputo hivyo, mradi madirisha yawe wazi na moto uwe mbali. La Cour hakungoja mji umletee mwanga. Sisi twangoja nini?