Mzee Abeid Amani Karume: Mgombea wa Ng'ambo



Katika kijitabu hiki cha mchango huwa tunamkumbuka mmoja wa watu waliotangulia mbele ya haki, ambaye maisha yake yameugusa mtaa wetu. Mwaka huu tumemchagua Mzee Abeid Amani Karume. Kila mtoto wa hapa analijua jina lake, maana majumba tunayoishi aliyaanzisha yeye. Wengi tunamjua kwa Mapinduzi na kwa majumba hayo. Lakini kabla ya kuwa Rais, Mzee Karume alikuwa mgombea, na kura alizokuwa akiziomba zilikuwa za wazee wetu wa Ng'ambo.

Alizaliwa mwaka 1905. Skuli hakukaa sana. Akiwa bado kijana mdogo alikwenda baharini, akafanya kazi melini na kuiona miji ya mbali. Aliporudi aliishi kwa kazi za bandarini, akawa miongoni mwa viongozi wa wenye mashua waliokuwa wakiwachukua abiria baina ya meli na gati. Huko ndiko alikojifunza kuwakusanya watu, kusikiliza malalamiko na kusimamia fedha za umoja. Mwaka 1954 aliingia katika Baraza la Mji. Tarehe 5 Februari 1957 Jumuiya ya Waafrika na Jumuiya ya Washirazi ziliungana, kikazaliwa chama kilichokuja kuitwa Afro-Shirazi Party, naye akawa kiongozi wake.

Miezi michache baadaye, Julai 1957, ulifanyika uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria. Viti vya kuchaguliwa vilikuwa 6 tu kwa Unguja na Pemba, na wanawake hawakuruhusiwa kupiga kura. Kiti cha Ng'ambo alikitaka Mzee Karume, na alikitaka pia Sheikh Ali Muhsin Barwani wa Hizbu, mtu aliyesoma chuo kikuu na mwenye ulimi fasaha. Wapinzani walikwenda hadi mahakamani kuipinga haki ya Karume kugombea, wakidai kwamba hakuzaliwa hapa. Dai hilo halikumzuia. Kura zilipohesabiwa, Karume alikuwa na 3,328 na Sheikh Ali Muhsin alikuwa na 918.

Sisi tulioandaa ukurasa huu tumezoea vitabu vya hesabu, na tarakimu hizo zinatueleza jambo. Mtu mwenye skuli ndogo alimshinda msomi kwa zaidi ya mara tatu na nusu. Si kwamba wazee wetu waliidharau elimu. Walimchagua mtu waliyemjua bandarini, waliyefanya naye kazi, na ambaye wangeweza kumsimamisha njiani wakamuuliza.

Chaguzi zilizofuata hazikuwa nyepesi. Mwaka 1959 baadhi ya wenzake walijitenga wakaanzisha ZPPP, chama cha Sheikh Mohammed Shamte. Januari 1961, wanawake wakiwa nao wamo katika upigaji kura, viti vilikuwa 22. ASP ilipata 10, Hizbu 9 na ZPPP 3. Kiti cha Chake Chake ASP ilikipata kwa kura moja tu. Wabunge wa ZPPP wakagawanyika katika kuunga mkono, serikali haikuweza kuundwa, na watu wakarudi vituoni mwezi Juni. Uchaguzi huo ulimwaga damu. Watu 68 walipoteza maisha, na Hizbu na ZPPP wakaunda serikali kwa pamoja.

Julai 1963 viti vilikuwa 31. ASP ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote, lakini viti vyake vilikuwa 13 tu, dhidi ya 18 vya Hizbu na ZPPP. Sababu yake ni nyepesi kuieleza. Kura za ASP zilirundikana katika majimbo machache, yakiwemo ya kwetu mjini, ambako mgombea alishinda kwa maelfu wakati mia moja zingemtosha. Penye majimbo ya ushindani, wenzao walishinda kwa tofauti ndogo. Kwa hiyo Mzee Karume aliingia katika uhuru wa tarehe 10 Disemba 1963 akiwa upande wa upinzani, na wafuasi wengi zaidi nyuma yake. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Januari 1964, yakaja Mapinduzi.

Akiwa Rais alifanya mambo ambayo bado tunayatumia. Tarehe 23 Septemba 1964 alitangaza elimu bila malipo. Mtoto wa mchukuzi na mtoto wa tajiri wakakaa dawati moja. Kisha yakaja majumba. Nyumba za udongo zilivunjwa, yakasimama maghorofa, na kazi ikaendelea baada ya kufa kwake. Wapo waliofurahi kupata maji na umeme ndani, na wapo waliolilia ua na baraza zao.

Lakini mizania haikamiliki kwa upande mmoja. Mtu aliyepanda kwa kura hakurudi tena kuziomba. Baraza la Kutunga Sheria liliondoka, mamlaka yakawa mikononi mwa Baraza la Mapinduzi, na Baraza la Wawakilishi likaja kuanza mwaka 1980. Katika miaka ile wapo waliofungwa, wapo waliokimbia, na wapo waliochukuliwa wasionekane tena, wakiwemo wenzake wa chama kama Othman Shariff na Abdulla Kassim Hanga. Familia zilizoguswa zimo miongoni mwetu, na tunaishi nazo kwa heshima. Yeye mwenyewe aliuawa kwa risasi tarehe 7 Aprili 1972 Kisiwandui, hatua chache kutoka hapa, na huko ndiko alikozikwa.

Tunayasema yote mawili kwa sababu jumuiya yetu inahitaji yote mawili. Tunataka kujenga, maana skuli za watoto wetu zimejaa, na madawati na vitabu havitoshi. Tunataka pia anayejenga aulizwe. Ndiyo maana kamati yetu inachaguliwa, na hesabu zinasomwa mbele ya wanachama, mapato na matumizi, kabla ya mchango mpya kuitishwa. Mwenye swali na aulize. Mwenye shaka na aombe risiti.

Ndugu zetu, Chake Chake ilionyesha kwamba moja ni nyingi. Basi asijizuie mtu kwa kuona alichonacho ni kidogo. Toa uwezacho kwa ajili ya skuli, kisha njoo kwenye mkutano mkuu upige kura yako na uangalie tumeitumia vipi fedha yako. Mungu awarehemu waliotangulia, na awape watoto wetu elimu yenye manufaa.