Vyaelea, Vimeundwa: Abraham Lincoln Jijini New York

Aghalabu Abraham Lincoln hukumbukwa kama rais wa Marekani aliyetangaza uhuru wa watumwa mwaka 1863. Ni nadra kusimuliwa jinsi mtu huyu, aliyezaliwa mwaka 1809 katika kibanda cha magogo huko Kentucky na ambaye masomo yake ya darasani hayakutimiza mwaka mmoja, alivyojipatia sifa ya kuufikia urais. Njia yake ilipitia jijini New York mnamo Februari 1860.

Wakati huo Lincoln alikuwa wakili mjini Springfield, Illinois. Alikuwa ametumikia kipindi kimoja tu bungeni, na mwaka 1858 alikuwa ameshindwa na Stephen Douglas katika kuwania useneta. Jimbo la New York nalo lilikuwa ngome ya Seneta William Seward, aliyetarajiwa na wengi kuteuliwa na chama cha Republican.

Mwaliko wa kuhutubu ulipomfikia Oktoba 1859, Lincoln hakutegemea wepesi wa ulimi. Kwa majuma mengi alizipekua kumbukumbu za bunge akitafuta jibu la swali moja: je, watu 39 waliotia sahihi Katiba ya mwaka 1787 waliamini kuwa serikali kuu ina mamlaka ya kuuzuia utumwa usienee katika maeneo mapya?

Aliwasili Jumamosi, tarehe 25 Februari. Alipofika ndipo alipopata habari kuwa mkutano umehamishwa kutoka kanisa moja la Brooklyn hadi ukumbi wa Cooper Union, Manhattan. Akaipitia hotuba yake upya. Jumatatu alipigwa picha na Mathew Brady, na jioni mshairi na mhariri William Cullen Bryant akamkaribisha jukwaani mbele ya watu wapatao 1,500.

Suti yake ilikuwa na makunyanzi na sauti yake ilikuwa nyembamba. Baadhi ya waliohudhuria wakaingiwa na shaka. Hata hivyo, hoja zilipoanza kufuatana, ukumbi ulimsikiliza. Alionyesha kuwa 21 kati ya wale 39 walikuwa wamethibitisha kwa vitendo kwamba mamlaka hayo yapo. Hakudai utumwa ukomeshwe mara moja kusini. Alishikilia kuwa ni uovu usiopasa kuenea. Usiku huohuo alikwenda katika ofisi za gazeti la Tribune kusahihisha hotuba kabla ya kuchapishwa.

Mwezi Mei chama kilimteua Lincoln huko Chicago katika duru ya tatu, Seward akaachwa nyuma. Novemba alilitwaa jimbo la New York, ingawa wengi wa wapiga kura wa jiji lenyewe walimkataa. Aprili 1865, baada ya kuuawa kwake, maiti yake ilipitishwa katika jiji hilohilo, na umati mkubwa ukapanga foleni kumuaga.

Sisi wanafunzi wa lugha tuna la kuzingatia hapa. Ufasaha uliomfungulia Lincoln mlango ulitanguliwa na majuma ya kusoma.