Imamu Shafii na Mfano wa Kibla

Imamu Muhammad bin Idris Shafii, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa Ghaza mwaka wa 150 wa Hijra (767 wa Miladi). Baba yake alikufa naye angali mdogo, mama yake akamchukua Makka, wakakaa katika ufukara. Akahifadhi Kurani, kisha akahifadhi Muwatta, akenda Madina kuisoma mbele ya Imamu Malik mwenyewe. Hata alipofika Baghdad mwaka wa 184, akasoma kwa Muhammad bin Hasan, mwanafunzi wa Imamu Abu Hanifa.

Zama zile watu wa ilimu walikuwa wakivutana. Wako waliojaza vifua vyao hadithi na hukumu, lakini likizuka jambo jipya hawana njia ya kulipima. Na wako waliokuwa hodari wa kupima, lakini huenda rai ikaitangulia dalili. Shafii alikuwa amekunywa katika visima vyote viwili. Basi Abdurrahman bin Mahdi alipomwomba amwandikie njia ya kuzifahamu dalili, akaandika Risala.

Humo usuli haukuachwa mtupu. Alipotaka kubainisha ijtihadi, alishika mfano wa kibla. Aliye ndani ya Msikiti Mtukufu aiona Kaaba kwa macho, humpasa kuielekea yenyewe. Aliye mbali haioni, lakini hana ruhusa ya kusali popote apendapo. Humpasa aitafute kwa alama za milima, pepo, jua, mwezi na nyota. Baharia wa pwani aufahamu mfano huu bila ya kufafanuliwa. Kutoka hapo Imamu akapanda: jambo lenye nassi ni kama Kaaba kwa mwenye kuiona, lisilo na nassi hutafutwa kwa dalili, nayo ndiyo kiyasi, wala si kwa matamanio ya nafsi. Kisha akashuka tena kwenye mas-ala: aliyeua paa naye yumo katika ihramu hulipa mnyama wa kufugwa aliye mfano wake, naye ni mbuzi, na wanaoupima mfano huo ni watu wawili waadilifu.

Mizani hiyo aliitumia hata juu ya nafsi yake. Alipohamia Misri, yapata mwaka wa 199, alizipima upya hukumu alizozitoa Baghdad, nazo zimekwisha kuenea kwa wanafunzi. Nyingi akaziacha bila ya kuona haya. Zikaitwa kadimu, na zilizofuata jadidi. Risala nayo akaiandika upya. Akafa Misri mwaka wa 204 (820), ilimu yake ikachukuliwa na Buwaiti, Muzani na Rabii.

Madhehebu yake ndiyo yafuatwayo na watu wengi wa pwani. Mwenye kuhifadhi matini asijue sababu ya hukumu ni kama aijuaye kibla nyumbani kwake tu, akisafiri, hupotea. Na mwenye usuli bila ya mas-ala ni kama ajuaye majina ya nyota asiyepata kutweka tanga. Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.