Khabari ya Sultani Abul Mawahib wa Kilwa na Mgeni Fakiri

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, hii ni khabari ya Sultani Al-Hasan bin Suleiman wa Kilwa, aliyetawala mwanzo wa karne ya 14 ya miladi, naye ndiye aliyeitwa Abul Mawahib, maana yake Baba wa Vipawa, kwa wingi wa kutoa kwake.

Tarikhi ya Kilwa yasimulia kwamba alipokuwa kijana alisafiri kwenda Aden, akakaa miaka miwili akitafuta ilimu, kisha akenda kuhiji Makka. Basi alipata kuwa mgeni katika miji ya watu kabla ya kuwa sultani katika mji wake. Aliporejea alimkuta nduguye Daud ameshika mahali pake, naye akamwachia ufalme. Wakati ule dhahabu ya Sofala ikipita Kilwa, na mji ulikuwa na mali nyingi.

Mwaka 1331 alifika Kilwa Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Tanja katika nchi ya Maghribi, kwa chombo kilichotoka Mombasa. Akawakuta watu wake wana dini na wema, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii. Na sultani wao alimkuta ni mnyenyekevu, hula pamoja na mafakiri na huwatukuza watu wa dini.

Siku moja ya Ijumaa sultani alitoka msikitini baada ya sala, akielekea nyumbani, na Ibn Battuta yu pamoja naye. Akamkabili njiani fakiri mmoja wa Yemeni, akamwita kwa jina lake la Abul Mawahib, akamwomba nguo alizozivaa. Sultani akaitika kwamba atampa. Fakiri akataka apewe saa ile ile. Sultani angaliweza kumpa ahadi, au kumpelekea nguo nyingine kwa mkono wa mtumishi, wala pasingalikuwa na wa kumlaumu. Lakini alirudi msikitini, akaingia nyumba ya khatibu, akazivua zile nguo na kuvaa nyingine, akamwita fakiri aingie azichukue. Fakiri akazifunga katika kitambaa, akajitwika kichwani, akenda zake. Watu wakamshukuru sana sultani kwa unyenyekevu wake na ukarimu wake.

Mwanawe, aliyekuwa mrithi wake, akazikomboa nguo zile kwa fakiri kwa watumwa 10, kama ilivyokuwa desturi ya zama zile. Na sultani alipopata khabari ya shukrani za watu, hakuona kwamba amekwisha kutoa, bali aliamrisha fakiri apewe watumwa 10 wengine na mizigo 2 ya pembe za ndovu.

Alipokufa, Mwenyezi Mungu amrehemu, akatawala nduguye Daud, naye alikuwa kinyume chake. Akijiwa na mwombaji humjibu kwamba mtoaji amekufa, wala hakuacha cha kutolewa. Wageni walikaa kwake miezi mingi, kisha akawapa kidogo, hata watu wakaacha kufika mlangoni pake.

Enyi ndugu, Mwenyezi Mungu katika sura ya Tauba amemtaja msafiri aliyekatikiwa njiani pamoja na wenye haki ya zaka, wala hakutushurutiza tumjue jina lake. Ng'ambo ya Wete, katika Mtambwe Mkuu, mwaka 1984 zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000, zilizofukiwa kabla ya zama za sultani huyu. Mwenyewe hakurudi kuzitwaa, wala jina lake halijulikani. Lakini nguo za Ijumaa moja, zilizovuliwa kwa ajili ya mgeni, zatajwa mpaka leo. Na Wete ni bandari: haikosi kushukiwa na mgeni asiye na mwenyeji. Basi akimsimamisha mmoja wetu njiani, na amkumbuke Abul Mawahib, wala asimwambie mgeni angoje.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika watoao. Amin. Wallahu aalam.