Stanley na shanga zake

Henry Morton Stanley alizaliwa Wales mwaka 1841 akiitwa John Rowlands, akalelewa kwenye nyumba ya maskini, baadaye akawa mwandishi wa gazeti Marekani. Mwaka 1871 alifika Zanzibar akielekea kumtafuta Livingstone, na kilichomuumiza kichwa ni shanga. Aliambiwa Unyamwezi wanataka nyekundu, Ugogo nyeusi, Ujiji zile za umbo la yai. Ukikosea nchi, mzigo ni takataka.

Sisi wa kompyuta tunalijua hilo. Programu inakwenda vizuri Windows, ukiihamishia Linux inagoma, kisa mkwaju wa njia ya faili umeelekea upande mwingine!

Stanley hakuunda msafara mpya kwa kila nchi. Nguo ndiyo iliyokuwa msingi, maana ilipokelewa karibu kote. Shanga alizipanga kwa kukadiria angekaa wapi muda gani. Juni akafika Tabora, akatua Kwihara. Hapo vita vya Mirambo vikaifunga njia (hilo halikuwamo kwenye hesabu), ikabidi azungukie kusini. Novemba akaingia Ujiji.

Baadaye alimtumikia Mfalme Leopold huko Kongo, na kwa hilo mimi simsifu. Alifariki London mwaka 1904.