ALFRED ADLER, MUTOTO ALIYESHINDWA NA HESABU

Ni kitu gani kinamusukuma mutu kufanya anayoyafanya? Leo tunawaletea maisha ya munganga mumoja aliyetafuta jibu la ulizo hili.

Alfred Adler alizaliwa tarehe 7 Februari 1870 karibu na muji wa Vienna, katika inchi ya Austria. Alipokuwa mudogo aliugua mifupa. Mukubwa wake alikuwa anakimbia na kuruka, yeye anamutazama tu. Kisha mudogo wake akakufa kitandani pembeni yake. Nyuma ya hapo, yeye mwenyewe akashikwa na ugonjwa wa mapafu. Munganga akamwambia baba kwamba mutoto hataishi. Kumbe akapona, na akaamua kuwa munganga.

Ku masomo, hesabu ilimushinda hata akarudia mwaka. Mwalimu akamushauri baba amutoe, ajifunze kushona viatu. Baba akakatala. Mutoto akajikaza, mwishoni akawa wa kwanza katika hesabu. Mwaka wa 1895 akamaliza masomo ya uganga.

Katika 1902 Sigmund Freud alimwalika katika kikundi chake. Freud alifundisha kwamba zaidi sana tamaa za mwili njo zinatusukuma. Adler hakukubali, wakaachana mwaka wa 1911. Kwa Adler, kila mutu anaanza akiwa muzaifu, anajisikia chini ya wengine, na nguvu yake inatoka katika kutaka kupanda. Lakini kuna njia mbili: mumoja anapanda juu ya migongo ya wenzake, mwingine anapanda pamoja nao. Hii ya pili njo afya ya roho.

Nyuma ya vita ya 1914-1918 alianzisha mu Vienna vituo vya kusaidia watoto, wazazi na walimu. Serikali ilivifunga mwaka wa 1934, naye akahamia Marekani. Tarehe 28 Mei 1937, akiwa katika safari ya kufundisha, alianguka barabarani kule Aberdeen, Uskoti, akafa. Siku zile moyo wake ulikuwa na huzuni kwa ajili ya binti yake Valentine, aliyepotea katika Urusi ya Stalin. Binti huyo alikufa kifungoni.

Sisi nasi, mara ngapi tumemucheka mwenzetu anayerudia mwaka? Kama baba Adler angesikiliza lile shauri, watoto wengi wa Vienna wangekosa musaidizi. Kesho mukifika mu kalasi, mwenye kushindwa na hesabu akae karibu na mwenye kuijua.